Supu ya Kuku Haitaki Haraka

Kila ifikapo Juni, kusi linapovuma na masweta kutolewa makabatini, maswali yanayowafikia waandishi wa mapishi ni yale yale. Mbona supu imekaa kimajimaji ilhali kuku mzima ameishia humo? Mbona nyama imechemka saa mbili na bado inavutana na meno? Kidonge cha mchuzi kiwekwe au kisiwekwe? Na je, ni kweli supu ya kuku inatibu mafua?

Wanaouliza si watu wa Njombe na Makete peke yao, ambako kuna asubuhi za Julai umande unakutwa umeganda kwenye majani. Wapo wa Lushoto, wa Mbeya, wa Limuru, na hata wa Dar es Salaam, mji ambao nyuzi 19 za alfajiri zinatosha kumfungia mtu skafu shingoni na kumpa ndugu yake wa Makete sababu ya kucheka wiki nzima.

Karibu majibu yote yapo kwenye vitu viwili: kuku aliyenunuliwa na moto aliopikiwa. Viungo, ambavyo ndivyo watu huvifikiria kwanza, vinakuja baadaye sana. Mwenye kuku sahihi na moto mdogo anaweza kupika supu nzuri kwa kitunguu na chumvi tu. Mwenye broila na moto mkali hataokolewa na kabati zima la viungo.

Supu inaanzia sokoni

Kuku wa kienyeji anatembea, anachakura, anakimbizwa na watoto kutwa. Miguu, shingo na mapaja yake hujaa tishu ngumu ambazo zikipikwa polepole huyeyuka na kuipa supu ule uzito unaoshika midomo. Supu ya kuku wa namna hii ikilala mahali pa baridi huganda na kutikisika sufuria ikiguswa. Hiyo ni dalili njema, si kwamba imeharibika, kama baadhi ya wasomaji wanavyodhani.

Machaguo ya kawaida ni haya:

- Kuku wa kienyeji mkubwa, jogoo au mtetea aliyekwisha kutaga. Huyu ndiye bora. Wapishi wengi wa Dar es Salaam huulizia kuku wa Singida kwa sababu hiyo. Muda wake jikoni ni saa mbili hadi tatu.
- Kuku wa mayai aliyemaliza kutaga. Wafugaji huwauza kwa mkupuo, na watu huwadharau kwa sababu nyama yao ni ngumu kwa kukaanga. Kwa supu wako karibu sana na kienyeji, na mafuta yao ya njano yana harufu nzuri. Wape saa mbili.
- Chotara, kama Sasso na Kuroiler. Saa moja hadi moja na nusu zinatosha.
- Kuku wa kisasa (broila). Amechinjwa akiwa na wiki tano au sita, hajapata muda wa kujenga zile tishu. Huiva kwa dakika 40 hivi, na akizidishiwa muda hubomoka huku mchuzi ukibaki mwepesi.

"Lakini huku kwetu kienyeji ni ghali," atasema msomaji, na ni kweli. Njia ya kati ipo: nunua broila, kisha ongeza miguu ya kuku nusu kilo. Miguu huuzwa kwa bei ndogo kwenye mabucha mengi ya kuku, haina nyama ya maana, lakini ndiyo yenye kile kinachoifanya supu ishike. Chemsha miguu peke yake saa moja na nusu, halafu ndipo broila aingie.

Ukinunua kuku hai, bonyeza ncha ya nyuma ya mfupa wa kidari kwa kidole. Ikipinda kirahisi, kuku ni mdogo. Ikiwa ngumu, amekomaa. Jogoo anasomeka kwa kipi, ule mwiba wa nyuma ya mguu: mrefu na mgumu ni wa mzee. Kwa supu mzee ndiye anayetafutwa, kwa hiyo muuzaji akimsifia kuku wake kuwa ni laini, mwachie wa kukaanga.

Msinunue kuku aliyeshusha mabawa, mwenye shingo iliyopinda, makamasi puani au kinyesi cha kijani kilichogandia mkiani. Hizo ni dalili za kuku mgonjwa, na kideri ni mojawapo ya magonjwa hayo. Ugonjwa ukiingia mtaani wenye mabanda huharakisha kuuza, basi bei ikishuka ghafla uliza kwanza kabla ya kufurahi. Kuku aliyejifia mwenyewe hapikwi supu, hata achemshwe kutwa.

Kunyonyoa na kukata

Waliozoea waruke sehemu hii. Wanaochinja nyumbani kwa mara ya kwanza huharibu mambo mawili.

La kwanza ni maji ya kunyonyolea. Yakiwa yanachemka kabisa, ngozi huiva na kuchanika pamoja na manyoya. Yanayotakiwa ni ya nyuzi 60 hadi 65: mvuke umeshaanza kupanda, vipovu vidogo vimeshika chini ya sufuria, lakini hayajachemka. Tumbukiza kuku kwa dakika moja hivi ukimgeuzageuza, kisha vuta unyoya mkubwa wa bawa. Ukitoka bila ubishi, mtoe. Vinyoya vidogo vilivyobaki vibabue juu ya moto wa kuni, mkaa au gesi. Moto wa mifuko ya plastiki, ambao baadhi ya watu huutumia kwa haraka, huacha moshi wenye sumu kwenye ngozi.

La pili ni nyongo. Ni kile kifuko cha kijani kilichoshikana na ini. Kikipasuka, kata na kutupa sehemu yote iliyoguswa, kwa kuwa uchungu wake hautoki kwa kuchemsha. Vitu vingine vya kutoa:

- kinundu cha mafuta kilicho juu ya mkia, chenye harufu nzito;
- mapafu yaliyojibana katikati ya mbavu;
- ngozi ngumu ya njano iliyo ndani ya firigisi;
- kucha na ngozi ya nje ya miguu, ambayo hubanduka kwa urahisi miguu ikishachovywa maji ya moto.

Kata kwenye viungio, vipande vinane hadi kumi. Mfupa wa paja usipasuliwe katikati kwa panga. Vijipande vya mfupa huzama chini ya sufuria na kuibukia kwenye bakuli la mtoto.

Kuosha, na hoja ya ndimu

Hapa ndipo ubishi ulipo. Idara ya Kilimo ya Marekani na NHS, huduma ya afya ya Uingereza, zinashauri kuku mbichi asioshwe kabisa, kwa sababu maji yanayoruka husambaza vijidudu kama salmonela na kampilobakta kwenye sinki, vyombo na kachumbari iliyo jirani. Moto ndio unaoviua, si maji.

Ushauri huo unamfaa anayenunua kuku aliyesafishwa na kufungwa kiwandani. Aliyechinjiwa uani ana damu, mchanga na vinyoya, na hakuna mama wa Kiswahili atakayemtia sufuriani hivyo. Basi aoshwe kwa akili: kwenye beseni lenye maji, taratibu, si chini ya bomba linalomwagika kwa nguvu. Maji yamwagwe kwa uangalifu, beseni, kisu, ubao na mikono vioshwe kwa sabuni, na ubao wa kuku usikatiwe kotimiri. Ndimu inapunguza shombo. Haiui vijidudu kiasi cha kutegemewa.

Mahitaji ya watu sita

- Kuku mmoja aliyekomaa, kilo 1.2 hadi 1.5 baada ya kusafishwa, pamoja na miguu, shingo na firigisi
- Maji baridi lita 3
- Vitunguu maji 2, vilivyokatwa nusu (kimoja kiachwe na ganda safi la nje, linatoa rangi ya dhahabu)
- Tangawizi mbichi, kipande cha ukubwa wa kidole gumba
- Kitunguu saumu, punje 6 hadi 8
- Pilipili manga nzima, kijiko kimoja cha chai
- Karoti 2, na viazi mviringo 3 au ndizi mbichi 3
- Kotimiri, shada dogo
- Ndimu na pilipili mbuzi za mezani
- Chumvi

Kuhusu maji, anayepika bila kipimo aweke ya kufunika nyama na kupita juu yake kwa vidole viwili, basi. Supu nyingi zinazolalamikiwa kuwa nyepesi zilipikwa kwa maji ya wageni ambao hawajafika.

Hatua kwa hatua

1. Panga nyama kwenye sufuria nzito, mimina maji baridi, washa moto wa wastani. Firigisi, miguu na shingo vikae chini. Kidari kikae juu kwa sababu kitatoka mapema.

2. Simama hapo hapo. Kabla maji hayajachemka, povu la kijivu litaanza kukusanyika pembeni mwa sufuria, kisha kusogea katikati. Liengue kwa upawa na kulimwaga, tena na tena, kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Nyama ikitiwa kwenye maji yanayochemka, au povu likiachwa mpaka litokote, hukatika vipande vidogo na kupotelea ndani. Hapo ndipo supu inapopata rangi ya maji ya kuoshea vyombo.

3. Povu likiisha ukijivu na kubaki jeupe, haba, tia vitunguu maji, nusu ya tangawizi iliyopondwa, pilipili manga na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Isizidi. Supu itapungua, na chumvi haipungui nayo.

4. Punguza moto. Hatua hii ndiyo inayoamua kila kitu, na ndiyo inayokosewa na wengi. Uso wa supu unatakiwa kutetemeka tu: kiputo kimoja kinapanda hapa, baada ya muda kingine pale. Sufuria ikisikika inatokota kutoka chumba cha pili, moto umezidi. Mtokoto mkali huyapiga mafuta yakachanganyika na maji, supu ikawa na ukungu na utelezi mdomoni, na nyama hukakamaa kabla haijalainika. Funika, lakini acha mfuniko wazi kidogo upande mmoja.

5. Kidari cha kienyeji kitoe kikishaiva, kwa kawaida kabla ya saa moja na nusu, na kukihifadhi kwenye bakuli lenye mchuzi kidogo. Kitarudishwa mwishoni. Vingine viendelee.

6. Dakika 25 za mwisho tia viazi au ndizi, na karoti. Dakika tano za mwisho tia kitunguu saumu kilichotwangwa na tangawizi iliyobaki.

7. Zima moto, onja, rekebisha chumvi, nyunyiza kotimiri. Ndimu ikamuliwe kwenye bakuli, si kwenye sufuria. Vipande vya ndimu vikichemka na maganda yake hutoa uchungu.

Kuiva kunasomwa kwenye mguu, saa ya ukutani haitoshi. Tazama mwisho wa mfupa chini ya paja: nyama ikiwa imejivuta juu na kuacha mfupa mtupu wa upana wa kidole, na uma ukipenya bila kusukumwa, kuku ameiva. Mwenye kipimajoto cha nyama atafute nyuzi 74 kwenye sehemu nene. Hiyo ni alama ya usalama tu. Kienyeji hufika 74 mapema na bado akawa hatafuniki, kwa hiyo aendelee.

Moto mdogo unapatikanaje?

Kwenye gesi ni rahisi: plate ndogo, moto wa chini kabisa. Kwenye jiko la mkaa, subiri makaa yakolee yote, funika sehemu ya makaa kwa majivu, ziba mlango wa chini ukiacha upenyo mdogo, na uongeze makaa mawili matatu kila yanapopungua badala ya kujaza jiko mara moja. Kwenye mafiga, vuta kuni nje mpaka zibaki ncha.

Onyo moja halina mzaha. Supu ya saa tatu wakati wa baridi humshawishi mtu aingize jiko la mkaa chumbani, afunge madirisha, aote moto huku sufuria ikiendelea. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu usingizini. Kichwa kikianza kuuma na usingizi usio wa kawaida kuwajia wote waliomo, tokeni nje mara moja. Jiko libaki nje au jikoni penye hewa ya kutosha, na lisiingizwe chumba cha kulala hata makaa yakionekana yamezimika.

"Nimepika saa tatu, bado ni mgumu"

Swali hili hutoka zaidi nyanda za juu, na sababu haiko kwa mpishi. Kiwango cha maji kuchemka hushuka kwa karibu nyuzi moja kila ukipanda mita 300. Tanga mjini au Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100. Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Nairobi na Mbeya karibu 94. Kuongeza moto hakusaidii, kwa kuwa maji hayapiti hapo. Yanakauka haraka tu. Anayesoma kipimo cha muda kilichoandikwa na mtu wa pwani aongeze robo hadi theluthi ya muda.

Dawa halisi ni presha kuka, maana ndani yake joto hupanda zaidi ya nyuzi 110 popote ulipo. Ila:

- engua povu kwanza, mfuniko ukiwa wazi, ndipo ufunge;
- usijaze zaidi ya theluthi mbili;
- hesabu dakika 35 hadi 45 kwa kienyeji, kuanzia presha inapopanda;
- acha presha ishuke yenyewe, usiinue kile kizito kwa mwiko ili kuwahi; mvuke na supu vitakurukia usoni;
- viazi na karoti vipikwe baada ya kufungua.

Supu ya presha huwa na ukungu kidogo na harufu pungufu. Dakika 15 za moto mdogo bila mfuniko huirudishia sehemu kubwa ya kilichokosekana.

Wapo wanaotia kipande cha papai bichi. Linafanya kazi, kwa sababu lina kimeng'enya kinachovunja nyama, lakini kinafanya hivyo kwa pupa: nje panakuwa uji, ndani bado. Muda ni bora.

Viungo, na kile kidonge

Soma pakiti ya vidonge au unga wa mchuzi: mara nyingi chumvi ndiyo ya kwanza kwenye orodha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko cha chai, kwa vyakula vyote. Anayetia vidonge viwili na kuongeza chumvi ya mkono anaweza kuimaliza siku nzima kwenye mabakuli mawili.

Kama kuku ni broila na mazoea yamekataa kuvunjika, nusu kidonge kitiwe mwishoni, kabla ya chumvi, kisha ionjwe. Kwenye supu ya kienyeji iliyopikwa inavyotakiwa ni kuiharibu. Kila supu yenye kidonge ina ladha ya nyumba ya jirani.

Kijiti kimoja cha mdalasini na karafuu mbili, mtindo wa pwani, vinaipa joto linalobaki kifuani. Robo kijiko cha manjano inatosha rangi. Nyanya ni ya hiari, ila zikizidi moja hicho ni mchuzi, si supu. Kwa mtori, ndizi ziongezwe mara tatu na kupondwa, na hiyo ni makala nyingine.

Imeharibika? Jaribu hivi

*Nyepesi.* Toa nyama yote, acha mchuzi uchemke bila mfuniko mpaka upungue robo, rudisha nyama. Usitie unga wa ngano.

*Chumvi imezidi.* Ongeza maji ya moto, au supu isiyo na chumvi kama ipo. Ile hadithi ya kiazi kunyonya chumvi haina msaada mkubwa: kiazi hunyonya maji yenye chumvi, na yanayobaki sufuriani yana chumvi ile ile.

*Ina ukungu.* Haina madhara. Chuja kwa kitambaa safi kama wageni ni wa heshima, vinginevyo kuleni.

*Mafuta yamefunika juu.* Engua sehemu kubwa, acha macho machache ya mafuta yaelee. Harufu ya kuku imo humo.

*Chungu.* Ni nyongo, au maganda ya ndimu, au kitunguu saumu kilichoungua. Kwa nyongo hakuna tiba.

Na mwenye mafua je?

Mwaka 2000 Stephen Rennard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani, walichapisha kwenye jarida la *Chest* jaribio lililotumia supu ya kuku ya kifamilia, iliyotoka kwa bibi wa mkewe, Mlithuania. Maabarani, supu ile ilipunguza mwendo wa aina fulani ya chembe nyeupe za damu zinazohusika na uvimbe wa njia ya hewa. Yalikuwa majaribio ya maabara, hakuna mgonjwa aliyepewa bakuli. Supu haitibu mafua. Inachofanya kinajulikana na kila aliyewahi kulala na pua iliyoziba: mvuke unailegeza, maji na chumvi vinarudi mwilini, na mtu asiye na hamu ya kula anajikuta amemaliza bakuli.

Kwa sababu hiyo mgonjwa apewe supu pamoja na nyama. Kosa linalojirudia majumbani ni kumpa mtoto au mzazi aliyetoka kujifungua maji ya supu matupu, nyama ikaliwa na wenye afya. Maji ya supu hujaza tumbo bila kulishibisha. Protini karibu yote imo kwenye nyama. Ichambue, ikatekate, ichanganye na viazi vilivyopondwa.

Mambo mengine ya kuzingatia:

- Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi supu. Kuanzia miezi sita apewe iliyopikwa bila chumvi wala pilipili, nyama ikiwa imesagwa na mifupa kukaguliwa kwa vidole.
- Asali ya kulainisha koo isipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja.
- Mwenye presha ya damu au ugonjwa wa figo apikiwe yake bila chumvi.
- Mtoto asiinamishwe juu ya sufuria ya moto ili avute mvuke. Sufuria ikipinduka, mafua yatakuwa tatizo dogo kuliko yote.
- Homa si mafua mpaka ipimwe. Kwenye maeneo yenye malaria, pima. Mtoto anayepumua haraka, kifua kinachobonyea ndani, aliyeshindwa kunyonya au kupata degedege apelekwe hospitali, supu itasubiri.

Iliyobaki

"Kwetu baridi yenyewe ni friji," husema watu wa nyanda za juu, na sufuria hulala mezani hadi asubuhi. Sivyo. Usiku wa nje unaweza kuwa nyuzi 8, lakini sufuria nzito iliyofunikwa jikoni penye joto hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na uvuguvugu, kati ya nyuzi 5 na 60, ndio bakteria wanaoupenda. Baadhi yao hubakiza mbegu zinazovumilia kuchemshwa, na wengine huacha sumu ambayo kuchemsha tena hakuiondoi.

Shirika la Afya Duniani linatoa saa mbili: chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya hapo. Kwa hiyo gawa supu kwenye vyombo vidogo, viweke kwenye beseni la maji baridi huku ukikoroga, ubadilishe maji yakipata joto, kisha viende kwenye friji. Humo inakaa siku tatu hadi nne, na kwenye friza miezi miwili mitatu bila kupoteza ladha sana, ingawa viazi vilivyogandishwa hugeuka changarawe, hivyo vitolewe kwanza. Pasha kiasi kinacholiwa tu, mpaka kichemke kabisa.

Asiye na friji apike kuku nusu, au aite majirani. Au atumie mchuzi uliobaki jioni ile ile kupikia wali badala ya maji: vikombe viwili vya mchuzi kwa kikombe kimoja cha mchele, mafuta yasiongezwe, na chumvi ionjwe kabla ya kutiwa kwa kuwa mchuzi tayari unayo.